Mabaki ya Fundi na Zulia la Mlangoni

Ndugu zangu tuliolala bweni moja na kula maharage ya sufuria moja:

Katibu aliponipigia simu alisema kwamba safari hii chama kinataka mazungumzo juu ya kazi za mikono, hasa namna ya kugeuza mabaki ya nyumbani kuwa vitu vya kufaa, na kwamba mimi ndiye wa kuyatoa kwa kuwa ni afisa maendeleo ya jamii na kutwa kucha niko na vikundi vya akina mama na vijana. Nilidhani ananitania. Mwaka jana tulizungumziwa habari za kodi, na mwaka wa kabla yake shinikizo la damu. Sasa mimi nije niwaeleze watu wazima, wengine mna wajukuu, habari za matambara? Lakini nilipokata simu nikakumbuka kwamba nina deni hapa shuleni la tangu mwaka 1996, na deni lenyewe ni la matambara. Kwa hiyo nikakubali. Deni nitalieleza, ila naomba nianze na kazi yenyewe, maana asiyeijua kazi hatajua ukubwa wa deni.

Ndugu zangu, hakuna hata mmoja humu ndani ambaye hakuwahi kuwa fundi wa mabaki. Nani hapa hakufunga mpira kwa mifuko ya rambo? Ulikuwa unakusanya mifuko, unaishindilia, unaizungushia mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, na mpira unadunda. (Tangu mifuko ile ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, watoto wa mtaani kwangu wamerudi kwenye soksi na vitambaa. Nimeujaribu mpira wao. Haudundi sana, lakini hauumizi mguu.) Nani hakutengeneza gari la waya lenye magurudumu ya soli ya kandambili? Na hapa bwenini, Jumamosi baada ya kufua, tulichora drafti juu ya ubavu wa boksi, tukatafuta vizibo 24 vya soda, kumi na viwili vikilala kifudifudi na kumi na viwili chali, na wapo waliopoteza sabuni na sukari yao yote kwa vizibo hivyo. Wengine nawaona wanacheka pale nyuma.

Wakati ule hatukuona aibu hata kidogo. Aibu ilitujia baadaye, na mimi nimefikiri sana ilitoka wapi.

Wazee wetu waliosoma hapa miaka ya 1970 wanaikumbuka vizuri Elimu ya Kujitegemea, ambayo Mwalimu Nyerere aliitoa Machi 1967. Makusudi yake yalikuwa mema: kijana asome na mkono wake ufanye kazi, asije akahitimu akawa mgeni katika kijiji chake. Sisi tulipoingia hapa mwaka 1994, jina lilikuwa lingali lipo, tukiliita kwa kifupi E.K., lakini nyote mnajua lilikuwa limekuwa nini. Aliyechelewa gwaride alipewa E.K. Aliyeongea wakati wa kujisomea alipewa E.K. Ukimwona mwenzako ameshika jembe, au anafunga mifagio ya chelewa, hukuuliza anajifunza nini. Uliuliza amekosa nini. Kwa miaka minne tukafundishwa, bila mtu kukusudia, kwamba kazi ya mkono ni malipo ya kosa. Silaumu walimu. Walikuwa wachache, nasi tulikuwa wengi na wakorofi. Lakini nasema hivi ili mjue kijana wa Kidato cha Tatu alikuwa na kichwa cha namna gani.

Sasa niende nyumbani kwetu, Mwembesongo, Morogoro. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Mwaka 1995 alipunguzwa kazi, kama walivyopunguzwa baba wa wengi wenu katika miaka ile. Kiinua mgongo alichopata kilitosha kununua baiskeli, kulipa madeni mawili matatu, na kufungua genge ambalo halikufika Krismasi. Tulikuwa watoto watano.

Mtaani kwetu alikuwapo mzee mmoja, fundi cherehani, aliyeshonea barazani. Kila jioni sakafu ya baraza lile ilijaa vipande: kaki za kaptura za shule, vitenge, mabaki ya suti, pindo za kanga. Mzee alikuwa akivichoma moto. Mama akaenda akapatana naye. Yeye atafagia baraza kila jioni, na chochote atakachofagia ni chake. Mzee alicheka sana, akakubali.

Mama hakuanza kushona siku ile. Alianza kwa kuchambua. Alikuwa na magunia matatu pembeni mwa kitanda. Kipande ambacho hakukielewa alikichomoa uzi mmoja, akauwasha kwa kiberiti. Uzi wa pamba huwaka kama karatasi, ukanukia karatasi, ukaacha jivu laini. Uzi wa terilini na jamii yake hujikunyata, huyeyuka, ukaacha kidonge kigumu cheusi. Mimi nilikuwa nasoma Kemia, lakini jambo hilo nilifundishwa na mama yangu aliyeishia darasa la nne. Gunia la kwanza lilikuwa la pamba, maana pamba hunyonya maji. La pili lilikuwa la terilini na mabaki ya suti, maana hayo hayanyonyi lakini hayachakai upesi. La tatu lilikuwa la vipande vidogo mno, na hivyo vilikwenda kujazia mito. Hakikutupwa kitu isipokuwa pini zilizopinda, na hata hizo kaka yangu alizifanyia ndoana.

Katika magunia hayo mawili ya kwanza ndimo yalimotoka mazulia ya mlangoni. Naomba mnivumilie nieleze kazi hii hatua kwa hatua, kwa sababu nataka atakayetoka hapa aweze kuifanya.

Unatwaa gunia la katani lililofuliwa na kukauka. Unalikata kwa ukubwa unaoutaka, ukiongeza sentimeta tano kila upande, na hizo tano unazikunja ndani na kuzishona kwa uzi wa nailoni wa kufumia nyavu, kwa kuwa gunia lisilokunjwa ukingo hufumuka kabla hujafika katikati. Siku hizi gunia la katani ni adimu, na sandarusi inafaa pia, ila itakubidi uwe mpole nayo kwa sababu ikichanika haishoneki. Kisha unakata vipande. Mama hakuwa na rula. Upana wa kipande ulikuwa upana wa kidole gumba, na urefu wake ulikuwa urefu wa kidole cha shahada. Nimepima vidole vyake baadaye, nikapata sentimeta mbili kwa nane.

Halafu inakuja sindano. Hii alitengenezewa na baba kutoka kwenye spoki ya ile baiskeli ya kiinua mgongo, iliyokatika tukitoka mtoni. Baba aliipinda ncha kwa koleo mpaka ikawa ndoana ndogo, akaisugua juu ya jiwe isinase nyuzi, na upande wa pili akauchomeka ndani ya gunzi la muhindi liwe mpini. Unadunga gunia kutoka juu, unatokeza ncha ya sindano sentimeta moja mbele, unanasa kipande, unakivuta mpaka nusu. Ncha zote mbili zinabaki zimesimama juu kama masikio ya sungura. Hufungi fundo. Wengi wakijaribu kazi hii hufunga fundo kwa kuogopa kwamba kipande kitachomoka, na zulia lao huwa gumu chini ya mguu na halilali sakafuni. Kinachoshika kipande ni jirani yake. Ukishavijaza sawasawa, vinabanana vyenyewe, na hata ukilikung'uta zulia ukutani hakitoki kimoja.

Rangi nyeusi na bluu, zile za mabaki ya sare na suti, mama alizipeleka pembeni, maana ndiko kiatu kinakoanzia. Katikati aliweka pamba na vitenge, ili mguu uliokwisha kukwanguliwa ukaushwe. Mimi nilidhani ni urembo tu. Siku moja nilimwambia aweke njano pembeni ipendeze, akaniuliza, "Ipendeze mpaka lini?"

Hivi karibuni nilikaa nikapiga hesabu. Zulia la sentimeta 60 kwa 90, likijazwa vizuri, linakula vipande kama 2,400. Hiyo ni karibu mita za mraba nne za kitambaa, sawa na mita tatu na nusu za kitenge kizima, vyote vikiwa vimefagiwa barazani. Mkono uliozoea hudunga vipande vinne kwa dakika. Kwa hiyo ni saa kumi za kudunga, bila kuhesabu kukata. Kukata ilikuwa kazi yetu watoto wakati wa likizo. Mama alidunga usiku, kwa koroboi, na zulia moja lilimchukua siku sita.

Na hapa, ndugu zangu, naomba niseme jambo kama mtumishi wa Serikali, ingawa huenda lisipendeze. Ninyi mnasikia kila siku kwamba takataka ni mali, kwamba kijana asiye na kazi aokote chupa na vizibo atajirike. Mimi hukaa mezani nikipitia maombi ya mikopo ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na maombi ya namna hii nimeyaona mengi. Kuna kikundi kimoja, sitakitaja, kilichopewa semina ya siku tatu ya kutengeneza maua kwa chupa za plastiki. Vyeti vilitolewa, picha zikapigwa, chai ikanywewa. Nilipopita baada ya miezi kadhaa, kila mama alikuwa na chombo cha maua ya chupa juu ya kabati lake, na hakuna hata mmoja aliyeuza ua hata moja. Wangemuuzia nani? Mtaa mzima ulikuwa umehudhuria semina.

Tangu siku hiyo, kikundi kikinijia na kitu cha mabaki, siulizi kimetengenezwa kwa nini. Nauliza nani atakitumia kesho asubuhi. Zulia la mama lilikuwa na jibu, maana Morogoro mvua ikinyesha tope halina mjadala. Katambuga, zile ndala za tairi la gari, zina jibu, na ndiyo sababu zimedumu. Kibao kilichopigiliwa vizibo vya soda kwa kichwa chini, cha kukwangulia viatu shambani, kina jibu.

Na hata penye jibu, lazima awepo fundi. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora picha zake juu ya vipande vya mbao laini za dari kwa rangi ya kupakia baiskeli, na leo mtindo wake unajulikana duniani. Vipande vya dari vilikuwapo Dar es Salaam nzima, lakini Tingatinga alikuwa mmoja. Kadhalika mwaka 2018 kule Lamu walishusha majini jahazi liitwalo Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki zilizookotwa na kuvikwa kandambili zipatazo 30,000, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Magazeti yaliandika juu ya kandambili. Mimi nilipendezwa na mafundi, watu ambao wamerithi uundaji wa majahazi, na ambao walipoletewa plastiki badala ya mbao walijua ubavu wa chombo unatakiwa kupinda wapi.

Basi zulia halikututajirisha. Mkinigawanyia saa zile kumi kwa bei aliyouzia mama, mtaona kibarua cha kubeba matofali kilikuwa kinalipwa zaidi. Lakini kibarua cha matofali hakikuwapo kila siku, wala hakifanyiki usiku watoto wamelala. Zulia lilinunua chumvi, mafuta ya taa na madaftari. Lingeweza kununua zaidi, na sasa ndipo nakuja kwenye deni.

Mwaka jana binti yangu, ambaye ana miaka kumi na mitatu, aliniomba fedha za kununua bangili na hereni za kitenge alizoziona kwa wenzake. Nilimnyima, si kwa hekima, ila ilikuwa tarehe 20 ya mwezi. Akaenda likizo kwa bibi yake. Aliporudi alikuwa na bangili sita mkononi. Bibi yake alikuwa amechukua bangili za plastiki za kawaida kabisa, zile nyembamba zinazouzwa gengeni, akamfundisha kuzivika. Mkanda wa kitenge wa upana wa sentimeta tatu, urefu kama sentimeta 60 au 70, unaupaka uji mzito wa unga wa ngano, unauanzia ndani ya bangili na kuuzungusha kwa kuulaza, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, na mwisho wake unaurudisha ndani na kuukaza kwa uzi na sindano usionekane. Kona za kitenge ukizikata mshazari, mkanda unavutika na haufanyi mikunjo. Ukiukata kufuata uzi, unafanya mikunjo. Kwa hereni walitumia boksi gumu la kiatu, duara kwa duara, na vifungo vya koti kuukuu walivivika vitambaa wakavishonea kwenye kandambili zake zilizokuwa kavu. Binti huyu ndani ya kila bangili alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino: Bibi na Mimi. Alikwenda nazo shuleni akiwaonyesha kila mtu maandishi hayo.

Akaniuliza mezani, "Baba, na wewe bibi alikutengenezea nini ulipokuwa shule?"

Ndugu zangu, chakula kilinikwama.

Wale wa bweni letu, mnaikumbuka Ikulu. Kwa faida ya wengine nieleze. Januari 1996 lilitokea zulia pale mlangoni, la bluu na nyeusi pembeni, katikati rangi zote za duniani. Mmoja wetu, ambaye leo ni mheshimiwa na kwa hiyo simtaji, alilitazama akasema, "Hapa sasa ni Ikulu, hakanyagi mtu na tope." Jina likashika. Aliyeingia bila kujifuta alihukumiwa kuteka ndoo mbili za maji. Mnakumbuka utelezi mwekundu wa mlima ule. Nyayo za vijana zaidi ya arobaini, asubuhi, mchana na jioni. Tulimaliza Kidato cha Nne mwaka 1997 tukaliacha pale pale, na nimeambiwa na waliokuja nyuma yetu kwamba walilikuta na wakalitumia.

Zulia lile nililileta mimi. Mama alilitengeneza katika likizo ya Desemba, baada ya mimi kumsimulia habari za tope. Alisema, "Wapelekee wenzako, mlango wenu upate heshima." Nikalifunga kwa magazeti, nikaja nalo ndani ya basi. Kiranja wa bweni aliponiuliza limetoka wapi, nilisema nimeliokota sokoni kwa bei ya kutupa, kwa mchuuzi mmoja stendi.

Sikuwa na sababu nyingine isipokuwa ile niliyowaeleza. Nilijua kwamba likijulikana ni la mama, mtu atauliza vile vipande vinatoka wapi, nami nitapaswa kusema kwamba mama yangu anafagia kwa fundi.

Uongo ungeishia hapo ningejisamehe. Lakini katika muhula ule walimu watatu, kwa nyakati mbalimbali, walisimama mlangoni kwetu wakaniita. Walitaka kujua mchuuzi yule yuko wapi, kwa sababu kila mmoja alitaka zulia la nyumba yake. Mmoja alitaka mawili. Niliwaambia kwamba mchuuzi amehama. Mazulia manne, ndugu zangu, ya watu wenye mishahara, ambao wangelipa bila kuomba wapunguziwe. Na mwezi Machi mwaka ule ule jina langu lilisomwa gwarideni pamoja na majina ya wengine waliokuwa hawajamaliza ada, tukarudishwa nyumbani. Nilikaa nyumbani wiki tatu nikikata vipande kwa kidole gumba na kidole cha shahada, mama akidunga, akihangaika kutafuta wanunuzi mtaani ambako kila nyumba ilikuwa tayari na zulia lake. Usiku mmoja aliniuliza, "Wenzako wamelipenda?" Nikamjibu kwamba wamelipenda sana. Hilo lilikuwa kweli. Akasema, "Waambie basi, kama mzazi yeyote anataka." Nikasema nitawaambia.

Nilipomaliza Chuo Kikuu mwaka 2004 nikaajiriwa, nilimnunulia mama vitu vingi. Nilimpelekea mpaka zulia la dukani, la kiwandani, la manyoya. Alilipokea kwa shukrani, akalitandika chumbani mahali pasipokanyagwa.

Baada ya swali la binti yangu nilikaa na jambo hili miezi. Aprili mwaka huu nilikwenda Morogoro nikamweleza mama yote, la mchuuzi, la walimu, na la wiki zile tatu. Ana miaka sabini na minane sasa, na vidole vyake vimekakamaa, lakini macho yake ni mazima. Nilikuwa nimejitayarisha kwa machozi, au kwa ukimya. Alinyamaza kidogo akihesabu kitu kichwani. Halafu akauliza, "Hao walimu wako hai?"

Nikamwambia kwamba mmoja ametangulia mbele ya haki, mmoja alihama nchi na sijui aliko, na wa tatu, aliyetufundisha Jiografia, amestaafu na huja kwenye mikutano yetu.

"Huyo wa Jiografia alitaka rangi gani?"

Nilikumbuka. Alikuwa amesema, kama hilo hilo, ila bluu iwe pana zaidi.

Nilimwambia mama nitakwenda dukani kununua kitambaa cha bluu. Akakataa, akasema kukata kitambaa kipya vipande vipande ni wazimu. Kwa hiyo mwezi wa Mei mtumishi wenu wa Serikali, shati limechomekwa na kitambulisho kifuani, alipita kwa mafundi cherehani wa mtaani kwake na mfuko wa sandarusi akiomba mabaki. Msidhani ni bure siku hizi. Wengi huwauzia watengeneza mito. Fundi mmoja aliniuliza, "Bosi, unajaza mto?" Nikamwambia, hapana, mama yangu anatengeneza mazulia. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kulitamka sentensi hiyo mbele ya mtu nisiyemjua, na fundi hata hakuinua macho. Alisema tu kwamba za bluu ziko kwenye boksi la chini.

Mimi na binti yangu tulikata vipande. Mama alidunga kidogo kidogo kutoka Mei mpaka Agosti, akitumia sindano ile ile ya spoki, ila gunzi limebadilishwa. Mistari miwili ya mwisho alinipa mimi nidunge. Alifumua mmoja.

Ndugu Mwenyekiti, nimeleta sindano kumi za spoki na mfuko mmoja wa vipande, viko kwenye meza ya nyuma, kwa yeyote atakayetaka kujaribu kabla ya chakula. Nimezungumza na Mkuu wa Shule kuhusu sare kuukuu zinazobaki mabwenini kila mwaka Kidato cha Nne wakiondoka, na yeye yuko tayari kuzitoa kwa wanafunzi watakaopenda kujifunza Jumamosi. Nimemwomba jambo moja tu, nanyi ni mashahidi: asipewe mtu kazi hii kwa kosa.

Sasa namwomba Mwalimu wetu wa Jiografia, niliyemwona meza ya pili, apite hapa mbele. Mwalimu, zulia lako ndilo hili. Samahani kwa kuchelewa. Ukiligeuza utaona kwenye kona jina la mama limeshonwa kwa uzi mwekundu. Amesema si zawadi. Bei ni ile ile ya mwaka 1996, unilipe mimi nimpelekee, nami nimemwahidi kwamba safari hii nitafikisha.